Damu anayoongezewa mume wangu inakwenda wapi?

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Simu imebaki na chaji kidogo, kwa hiyo ukiona nimeruka jambo unisamehe.

Mume wangu ana miaka 41. Ni fundi magari hapa Morogoro, kazi ameianza akiwa kijana wa miaka 17 na hajawahi kufanya nyingine. Hajui kuumwa. Mwaka mzima unaweza kuisha hajameza hata panadol. Mwezi wa tatu mwaka huu alianza kuchoka. Akibeba gia boksi na mwenzake anakaa chini anahema kama mzee. Tukasema ni malaria, akanywa dawa. Haikuonekana nafuu, akaenda duka la dawa akaambiwa ni taifodi, akapewa vidonge, akarudi tena akapewa vingine. Mwezi wa tano akawa akipiga mswaki mate yanatoka mekundu, na miguuni akatoka vidoti vyekundu kama ameumwa na siafu, ila haviwashi.

Siku alipodondoka gereji ndipo tukampeleka hospitali. Wakasema damu ni 4.1. Akawekewa chupa mbili, akapata rangi, akarudi nyumbani akicheka na watoto. Wiki tatu baadaye amepauka tena kama karatasi. Wakaongeza. Ikaisha. Mpaka leo ninavyoandika ni chupa saba, Shangazi, na ndugu wamechoka kuchangia. Mama mkwe anasema wazi wazi kwamba damu ya mwanawe kuna mtu anainyonya, na akisema hivyo ananiangalia mimi. Shemeji yangu mkubwa yeye anasema ni ule ugonjwa, ila nimeuficha. Tumepima wote wawili mara mbili, hatuna. Nimempa beetroot, rozela, tembele, maini, na vidonge vya kuongeza damu nilivyobaki navyo tangu ujauzito wa mwisho. Hakuna kitu.

Sasa tumehamishiwa hospitali kubwa. Daktari wa hapa ni kijana lakini ana subira. Kanionyesha karatasi ya FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu: WBC 1.3, HB 4.4, PLT 9. Akasema si damu tu iliyopungua, vyote vitatu vimeshuka, na anahofia uloto umeacha kazi. Anataka kumtoboa mfupa wa nyonga achukue kipimo. Shemeji kagoma. Anasema kuna jirani yao alichomwa sindano ya mgongo na hakutembea tena. Wanataka kesho wamtoe wampeleke kijijini kwa mtaalamu, na rafiki yake wa msikitini anasema kabla ya safari apigwe chuku, damu chafu itoke.

Halafu daktari aliniuliza kitu kikanishtua: mume wako ananawa mikono kwa petroli? Nikamwambia kila siku, mafundi wote wananawa hivyo. Akauliza kama anafyonza petroli kwa mpira kwa mdomo. Nikasema ndiyo. Akaandika. Hakusema zaidi. Shangazi, kijana wetu wa kwanza ana miaka 16, tangu mwaka jana yuko gereji hiyo hiyo anajifunza kazi kwa baba yake.

Nisaini au nisisaini? Hiyo damu inakwenda wapi? Na mimi niko tayari kumpa hata mifupa yangu, kama inawezekana.

Mama wa Watatu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Nakujibu kwanza lile lisilosubiri, chaji isije ikakuishia katikati. Asitoke wodini kesho. Asipigwe chuku, asichanjwe chale, asitolewe jino, asipewe dawa ya bomba ya njia ya haja kubwa. Na saini. Ukishawaambia hayo, rudi usome mengine taratibu.

Ile karatasi uliyoonyeshwa nimeizoea, niliishi nayo miaka mingi wodini kabla sijastaafu uuguzi. PLT 9 maana yake ni elfu tisa. Hizo ni chembe sahani, zile zinazokimbilia jeraha na kuziba tundu. Mtu mzima anatakiwa awe nazo kuanzia laki moja na nusu hadi laki nne na nusu. Mumeo anazo elfu tisa. Chini ya elfu kumi mtu anaweza kuvuja damu bila hata kuguswa, na mahali panapotisha kuliko pote ni kichwani. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo anakatwa kwa wembe mgongoni na kuwekewa kikombe cha kuvuta damu. Sina ugomvi na chuku kwa mwenye afya zake, lakini huyo rafiki wa msikitini atamuua mwenzake akiwa na nia njema kabisa.

WBC 1.3 ni chembe nyeupe elfu moja na mia tatu, ambapo kawaida huanzia kama elfu nne. Hao ndio walinzi. Na hiyo HB unaijua. Mwanamume anatakiwa awe na 13 na kuendelea.

Sasa swali lako, ambalo ndilo nimelipenda kuliko yote: damu inakwenda wapi? Mueleze mumeo hivi, ataelewa haraka kuliko sisi sote kwa sababu ni fundi. Gari ambalo altaneta, ile mashine inayochaji betri gari likitembea, imekufa ukilichaji betri nje, linawaka. Linatembea. Baada ya muda linazima. Unachaji tena, linawaka tena. Fundi mwenye akili haulizi nani anaiba moto wa betri usiku. Anafungua boneti aangalie altaneta. Chupa saba alizowekewa ni kuchaji betri. Altaneta ni uloto.

Uloto ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima unaofanya kazi ya damu uko zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, kifua, mbavu na fuvu. Humo ndimo zinamozaliwa chembe zote tatu. Kwa mtu mzima wa afya uloto hutoa chembe nyekundu kama milioni mbili kila sekunde, mchana na usiku, kwa sababu chembe hizo hazidumu. Nyekundu huishi siku 120 hivi. Sahani huishi siku saba hadi kumi. Nyeupe zile za mstari wa mbele hazizidi siku chache, nyingine saa tu. Uloto ukisimama, mwili hutumia akiba mpaka iishe. Na damu ya chupa ni ya watu tofauti, chembe zake nyingine zilikuwa tayari za uzeeni zilipoingia mkononi mwake, kwa hiyo zinakufa kifo chao cha kawaida na hakuna za kuzirithi. Hakuna aliyeinyonya. Imezeeka tu.

Halafu kuna jambo ambalo ndugu wengi hawaambiwi: chupa nyingi tunazowekewa ni za chembe nyekundu. Zinamrudishia rangi na pumzi, hazimrudishii walinzi wala waziba matundu. Ndiyo maana alirudi nyumbani akicheka na bado fizi zikaendelea kuvuja. Sahani huwekwa kwa mfuko wake, na hata hizo hukaa siku chache tu. Kwa hesabu aliyo nayo, muulize daktari leo kama anaweza kupata.

Hilo linatuleta kwenye beetroot na vile vidonge vya ujauzito. Acha vidonge. Vile ni vya madini ya chuma, vinamsaidia mtu ambaye uloto wake ni mzima ila hauna malighafi. Mumeo, kama daktari anavyohofia, malighafi anayo tele. Kila chupa ya damu huja na chuma kama miligramu mia mbili na zaidi, na mwili hauna njia ya kukitoa. Zikizidi chupa, chuma hicho hutua kwenye ini na moyo. Saba si nyingi sana, lakini hakuna sababu ya kumwongezea kwa vidonge. Beetroot na tembele mpe kama chakula, vikiwa vimepikwa, usivipe cheo cha dawa.

Kipimo cha nyonga. Hapa nataka shemeji akae asome mwenyewe. Ile sindano ya mgongo anayoizungumzia ni nyingine kabisa, huingia kati ya pingili kuchukua maji yanayozunguka uti. Hii ya uloto huingia kwenye mfupa wa nyonga, nyuma, pale juu ya kalio ambapo ukijishika kiunoni unagusa mfupa mgumu. Uti wa mgongo haupo hapo. Mgonjwa hulala ubavu, hupigwa ganzi, daktari huingiza sindano nene, huvuta uloto wa maji maji kidogo, kisha hukata kipande chembamba cha urefu wa sentimita moja au mbili. Ganzi haizuii ule mvuto. Pale wanapovuta ataguna, sitakudanganya, ila ni sekunde chache. Kwa mwenye sahani kidogo kama yeye watambana jeraha na kumlaza chali kwa muda ili lisivuje. Basi. Kesho yake atasema pamechubuka. Niliwahi kumuuguza fundi viatu ambaye alikataa kipimo hiki wiki sita kwa hofu hiyo hiyo ya kupooza, akaja kukubali wakati homa imeshamshika. Miguu yake ilikuwa mizima hadi mwisho. Kilichomshinda ni zile wiki sita.

Na kwa nini nasisitiza? Kwa sababu "uloto hautoi" ni dalili, bado hatujajua ugonjwa wenyewe. Karatasi ya mumeo inaweza kuwa ya magonjwa yasiyofanana hata kidogo. Inawezekana ni upungufu mkubwa wa vitamini B12 au foleti, ambapo uloto umejaa chembe ila hazikomai. Huo hutibika kwa sindano au vidonge vya bei ndogo, na mtu anayedhaniwa marehemu hurudi kazini. Inawezekana ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa, kina dawa. Inawezekana ni saratani ya damu, ambapo chembe changa zisizofaa zimejaa na kuwasukuma wenyeji nje. Inawezekana uloto unatengeneza chembe zenye kasoro zinazofia humo humo ndani. Na inawezekana ni kile daktari anachokihofia, uloto umekuwa mtupu, mahali pa chembe pamejaa mafuta. Huo madaktari wanauita anemia ya aplastiki. Kwa damu ya mkononi huwezi kutenganisha hawa wote kwa uhakika. Kwa kile kipande cha sentimita mbili, unaweza. Mnataka kumpeleka kijijini mtu ambaye huenda anahitaji B12!

Tuseme sasa ni huo wa mwisho. Nini kimesababisha?

Petroli ina ndani yake kitu kinaitwa benzeni, ni sehemu ndogo tu, lakini huruka hewani upesi ukakivuta kwa pumzi, na hupita hata kwenye ngozi. Ini likikivunja, mabaki yake ndiyo yanayouharibu uloto. Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1897 daktari wa Uswidi, Santesson, alieleza habari za wasichana wa kiwanda cha matairi ya baiskeli huko Uppsala waliokuwa wakifanya kazi na benzeni. Walitokwa na vidoti vya damu kwenye ngozi na wakaishiwa damu hivi hivi kama mumeo. Miaka ya 1960 na 1970 huko Istanbul, daktari Muzaffer Aksoy aliwafuatilia mafundi viatu waliokuwa wakigundisha soli kwa gundi yenye benzeni ndani ya vibanda visivyo na hewa. Alikuta uloto uliokauka, akakuta na saratani ya damu. Mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba mzima kwa ajili ya benzeni peke yake. Na Shirika la Afya Duniani halitaji kiwango chochote cha kuivuta ambacho ni salama.

Kwa hiyo daktari hakuuliza kwa udadisi. Mtu aliyenawa petroli miaka 24 na kuifyonza kwa mdomo ana sababu ya kuulizwa. Lakini nataka uwe mwangalifu hapa, usije ukaondoka kwa mchawi mmoja ukaangukia kwa mwingine. Wagonjwa wengi wa anemia ya aplastiki hawapatikani na chanzo chochote. Kinachotokea kwao ni kwamba walinzi wa mwili wenyewe, sijui niseme wamelewa, wanaushambulia uloto wakiuona adui. Mara nyingine huanza miezi michache baada ya homa ya ini. Mara nyingine ni dawa. Ya kale inayojulikana zaidi ni kloramfenikoli, ambayo kwa mtu mmoja kati ya maelfu mengi huua uloto, na ilizoeleka sana kutibia taifodi. Hivyo vidonge vya taifodi vya duka la dawa, tafuta pakiti zake, hata kama ni karatasi iliyobanwa nyuma ya kabati, mpelekee daktari. Ila kumbuka uchovu ulianza kabla ya vidonge. Hakuna kipimo kitakachokuja na jibu lililoandikwa "petroli". Daktari atapima uwezekano, na mtaishi na "huenda".

Hauambukizi, mwambie shemeji. Hautoki kwako. Na wa ukubwani kama huu kwa kawaida haurithiwi. Upo wa kuzaliwa nao, lakini huo huanza kujionyesha utotoni zaidi.

Matibabu. Uloto ukithibitika kuwa mtupu, njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kuwatuliza wale walinzi waliolewa kwa dawa za kushusha kinga. Ipo seramu maalumu inayotoka kwa farasi, pamoja na siklosporini. Pale zinapopatikana zote, kama wagonjwa wawili kati ya watatu huitikia, ila si kesho, ni miezi mitatu hadi sita, na kipindi hicho chote chupa zinaendelea. Ya pili ni kupandikiza uloto wa mtu mwingine. Hapa nchini Muhimbili na Benjamin Mkapa ya Dodoma zimekwisha kufanya upandikizaji wa uloto, ingawa kila hospitali ina aina ya wagonjwa inaoanza nao, kwa hiyo mwombeni daktari awaulizie kwa jina la ugonjwa wenyewe. Ni ghali. Kaulizeni ustawi wa jamii hapo hospitalini mapema, msingoje deni.

Mifupa yako, mwanangu, nimeisoma mara mbili hiyo sentensi. Lakini mke na mume huwa ni nadra sana kulingana. Wanaolingana ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne. Kama mumeo ana ndugu watatu wa tumbo moja na baba mmoja, uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni zaidi kidogo ya nusu. Wa baba tofauti wasihesabiwe humo. Watoto wenu wanalingana naye nusu. Na anayetoa hapungukiwi, uloto wake hujijaza ndani ya wiki chache. Kwa hiyo yule shemeji mkubwa anayekusema vibaya ndiye huenda amebeba dawa ya mdogo wake nyongani. Mungu ana namna zake.

Hapo hapo kuna mtego. Ndugu hao wa tumbo moja wakichangia damu, waseme kaunta kwamba wanaweza kuja kuwa watoaji wa uloto, na kwamba damu yao isiende kwa mgonjwa huyu. Iingie benki, apewe mwingine, naye apewe ya mtu baki. Mwili wake ukiizoea na kuichukia damu ya kaka yake leo, unaweza kuukataa uloto wa kaka huyo huyo kesho. Wewe na majirani changieni bila wasiwasi, na yenu pia iende benki.

Ukiruhusiwa kwenda naye nyumbani, nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ikifika 38, hata saa nane za usiku, ni hospitali. Usimpe panadol mkalala, kwani itashusha homa na kuwaficha wadudu wanaozaliana, na mtu asiye na walinzi anaweza kwenda kati ya usiku na asubuhi. Maumivu yasitibiwe kwa diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, hizo zinazilemaza hata sahani chache zilizobaki. Asichomwe sindano za takoni dukani. Mswaki laini. Chakula kilichopikwa kikaiva, maziwa yaliyochemshwa, matunda ya kumenya. Kachumbari aiache kwa sasa. Akiumwa kichwa ghafla kwa namna asiyoijua, akaanza kuona ukungu au kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo nayo ni safari ya hospitali papo hapo. Kinyesi cheusi kama lami, vivyo hivyo.

Mama mkwe usimkabili. Anaona mwanawe anakwisha, na aliyoyasema ni maneno ya mtu anayetafuta pa kushika. Mpe kipimajoto. Sina utani. Mfundishe kukisoma, mpe daftari la shule, aandike asubuhi, mchana na jioni. Nilifanya hivyo na bibi mmoja aliyekuwa akiniita mimi mchawi wa wodi. Baada ya wiki moja alikuwa anawafokea madaktari kwamba wamechelewa kusoma daftari lake. Dua aendelee nayo. Atakachokuwa amekataliwa ni wembe, si Mungu.

Kuhusu fidia: sheria ipo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, ila unalipa kwa walioajiriwa na mwajiri anayechangia. Gereji nyingi za mitaani kila fundi ni bosi wake. Kama mumeo ana mwajiri, uliza. Kama anapanga eneo tu, usipoteze nauli.

Sasa kijana. Nimelibakiza mwisho kwa sababu hapa sina "huenda". Kama petroli ndiyo iliyomwangusha baba au siyo, mtoto wa miaka 16 hana sababu hata moja ya kuifyonza kwa mdomo. Leo. Siyo baba akipona. Pampu ya mkono ya kuhamisha mafuta inauzwa madukani, na fundi wa kweli hana haja ya kuonja tenki. Mikono inanawiwa sabuni ya unga na mchanga laini au vumbi la mbao, inatakata. Vyuma vikihitaji kuoshwa, mafuta ya taa yana benzeni kidogo mno kuliko petroli, na hata hayo yaguswe na glavu, nje, penye upepo. Ovaroli iliyolowa petroli ivuliwe, asikae nayo mpaka jioni, asije nayo ndani mkaifua pamoja na nguo za wadogo zake. Chapati na chai visiliwe juu ya benchi la kazi. Kama anachanganya rangi na thina kwenye kibanda kilichofungwa, atoke humo.

Apimwe FBP moja sasa hivi, muiweke karatasi hiyo nyumbani. Ikiwa safi, mna cha kulinganisha siku zijazo. Kazi ya ufundi sisemi aiache. Ni kazi nzuri na ndiyo iliyowalea. Anaweza kuhamia upande wa umeme wa magari, petroli ni kidogo huko. Mwulize baba yake, yuko kitandani, ana muda, na nadhani angependa kuulizwa kitu kuhusu magari badala ya damu.

Nenda kasaini, kisha chaji simu. Majibu ya kipande yakitoka niandikie yamesemaje, maneno yale yale yaliyo kwenye karatasi, usiyafupishe.